Nilimkuta Baba Nakuru

Nitakueleza jambo hili lilivyokuwa, na kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize. Mimi si mtu wa kuona majini. Ni mama wa kanisa, naimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu huko Webuye, pombe siijui, na siku ile nilikuwa nimekula wali kwa maharagwe nikashiba. Kwa hivyo usije ukaniambia ilikuwa njaa.

Kwaya yetu ilialikwa kuimba Nakuru. Tuliimba asubuhi, tukapigiwa makofi, kisha kiongozi wetu akatuambia kwamba basi lingeondoka jioni na kila mtu alikuwa huru hadi wakati huo. Wenzangu walitawanyika haraka. Wengine walikimbilia ziwani kuona flamingo, wengine wakaingia maduka makubwa, na wawili wakapanda Milimani kuangalia tu jinsi matajiri wanavyopanda maua. Nakuru siku hizi ni jiji, na ukipewa jiji kwa mchana mmoja ni lazima ule kwa macho.

Mimi nilikuwa na safari yangu. Nilizaliwa Nakuru. Baba alifanya kazi ya reli pale, ya kuunganisha mabehewa, na sisi tulilelewa kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Tulikuwa na chumba kimoja, Baba, Mama na sisi watoto wanne, pazia katikati. Usinionee huruma, sijawahi kuishi mahali pazuri kuliko pale. Jioni mferejini ungesikia kila lugha ya Kenya ikigombania maji. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, nguo zikakauka zikiwa zimepakwa unga, na mama zetu wakalitukana ziwa kana kwamba lina masikio. Nikikumbuka matusi yale nacheka peke yangu hadi leo.

Sasa Baba alikuwa mgonjwa huko nyumbani Webuye. Miguu ilikuwa imekataa kabisa na moyo ulikuwa unasuasua. Kwa miezi mingi alikuwa akiomba kitu kimoja tu, apelekwe Nakuru aione landi hata kwa saa moja. Tulikataa. Daktari alisema safari ingemmaliza, na kaka yangu Wafula akapiga marufuku jambo hilo kutajwa mbele ya mzee. Alfajiri na mapema, kabla basi halijaondoka, nilipoenda kumuaga, Baba hakuomba chochote. Alinitazama tu nikifunga viatu, na hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Nikaamua kwamba mchana wangu wa Nakuru utakuwa wake. Nitapiga picha za landi, nirekodi sauti za pale, nimpelekee kwenye simu.

Nilipofika, msichana aliyekuwa akifua nje ya mlango wetu wa zamani akaniuliza, "Sasa mathe, unatafuta nani?" Nikamwambia nimezaliwa kwenye chumba hicho. Akacheka, akaniruhusu kuchungulia. Kulikuwa na pazia katikati. Halikuwa letu, lakini nililia kidogo, sifichi. Kisha nikaishika reli kurudi mjini, kwa sababu ndiyo njia tuliyokuwa tukipita watoto kwenda kumpokea Baba akitoka kazini. Jua lilikuwa limeanza tu kushuka.

Ndipo nikamwona kijana akija mbele yangu juu ya reli, amevaa ovaroli ya bluu, kofia mkononi. Alikanyaga mataruma tu, yale magogo yanayobeba vyuma vya reli, moja hadi jingine, bila kugusa kokoto. Nikafikiri, Baba alikuwa akitembea hivyo hivyo. Aliponifikia aliinua mkono kunisalimu kwa heshima, na nikaona kidole chake cha shahada hakina ncha.

Baba alikatwa ncha ya kidole hicho na mabehewa, papo hapo Nakuru, kabla sijazaliwa. Nywele zilinisimama. Nikamtazama usoni, na ilikuwa ile sura ya picha ya harusi iliyo ukutani kwa Mama, isipokuwa hii ilikuwa inatoka jasho.

Utaniuliza kwa nini sikutimua mbio. Wewe ungemkimbia babako?

Hakunijua. Alisema amepata nafasi ndogo tu ya kufika mjini, na njia zimemchanganya kwa sababu majengo yamekuwa mengi. Akaniomba nimsindikize. Basi tukazunguka, mimi na Baba, yeye kijana wa miaka thelathini hivi na mimi na magoti yangu ya bibi. Tulifika stesheni, akasimama jukwaani akisubiri kelele ambazo hazikuja. Tukapanda mahali palipoinuka ambapo zamani ungeliona ziwa likiwa na ukingo wa rangi ya waridi, flamingo watupu. Akashangaa kuona jinsi maji yalivyopanda na kumeza miti, na ndege jinsi walivyopungua. Alinionyesha walipokuwa wakinywa chai baada ya zamu. Sasa ni duka la simu. Alisimama pale mlangoni akinitajia wenzake mmoja mmoja, nani alikuwa mwongo, nani alijua kupiga gitaa, na mimi niliwakumbuka wote, kwa sababu walinibeba mabegani.

Akanitania kwamba natembea kama behewa lenye gurudumu bovu. Niamini, sikuwa nimemsikia Baba akifanya mzaha kwa zaidi ya mwaka. Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka, na kwa jinsi walivyonitazama nikajua kwamba walikuwa wanamwona mwanamke mmoja tu akicheka peke yake. Niliogopa, ndiyo. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilikuwa nimerudishiwa Baba akiwa na nguvu zake, na ni nani hupata hilo?

Tukarudi hadi karibu na landi. Nikamwambia lazima niende, basi litaniacha. Akasema hata yeye amechoka, anaenda kulala. Nikamuuliza atalala wapi, akanyoosha kile kidole kuelekea mlango wetu.

"Nimefika kwangu, mama. Kule sirudi."

Furaha yote ilinitoka. Nikapiga simu nyumbani. Mama alipokea akilia. Baba alikuwa amelala tangu mchana na walishindwa kumwamsha, pumzi zilikuwa zinakuja moja moja, na Wafula alikuwa ametoka kutafuta gari. Hapo nikaelewa. Baba akiingia kwenye kile chumba akajilaza, huko Webuye hataamka tena.

Nilimkimbilia, simu mkononi. Nilipojaribu kumshika mkono nilishika baridi tu. Nikamsihi arudi, nikamwambia kuna watu wanamngoja. Hakukasirika. Alinijibu taratibu, jinsi mtu anavyomjibu mgeni aliyepotea njia.

"Kule ni kitanda tu, mama. Hapa nina miguu."

Ilikuwa kweli tupu. Nitakwambia ukweli mwingine, kwa muda mfupi nilitaka nimwache aende. Kisha nikasikia Mama akilia kwenye simu. Nikamwambia asiniulize kitu, amwite Baba, amwite vile alivyokuwa akimwita tulipoishi kule landi. Nikaongeza sauti ya simu hadi mwisho.

Nikamsikia Mama akivuta pumzi. Halafu ikatoka ile sauti yake ya zamani, ya kuvuka safu za nyumba hadi kwenye reli, ambayo sikujua bado anayo.

"Baba Wafula, ugali unapoa."

Kijana alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama. Akageuka polepole, akasema, "Naitwa," akavaa kofia yake. Alipopita kando yangu alinitazama kwa jicho la mtu anayenijua, akaniambia nisichelewe basi. Kisha akaishika reli kuelekea magharibi, akikanyaga mataruma, hadi jua likanizuia kumwona. Kwenye simu Mama alikuwa akipiga kelele kwamba amefungua macho.

Jioni ile Baba aliomba ugali akala. Mama alipomwosha miguu, miguu ambayo haikuwa imegusa ardhi kwa miezi, alikuta nyayo zimejaa vumbi jeupe. Aliweka kidogo ulimini. Hakuhitaji kuelezwa na mtu, alilipiga vita vumbi hilo miaka mingi. Nilipofika alinishika mkono tu, tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Wafula mwenyewe alikodi gari wiki iliyofuata, daktari apende asipende. Tulipoenda kumbeba mzee, alikataa.

"Ya nini? Nilishaenda."

Aliondoka kabla ya mvua, usingizini. Mama alikuwa ameketi kando yake wakati pumzi zilipoanza kuja moja moja, na safari hii hakumwita. Mimi tangu wakati huo sijaweza kupita Nakuru bila kuangalia reli, na nikimwona mtu wa ovaroli moyo unaruka.

Kwa hivyo nakuonya wewe uliye na mzee nyumbani anayeomba kupelekwa mahali. Mpeleke angali anaomba. Usipompeleka atajipeleka, na huko njiani huenda asikutane na mtu wake. Juzi Mama alianza kuongea juu ya Molo, baridi ya asubuhi na mashamba ya viazi alikokulia. Amepataja mara moja tu. Gari linakuja Jumamosi.