Mwalimu Mlango na daftari la sista

Ujumbe ulinikuta kipindi cha pili, Alhamisi. Aliuandika binti wa sista, muuguzi wa zahanati yetu: "Mwalimu, mama hatunaye. Tunamzika Jumamosi kwao Kumsenga. Alisema wasifu wake uusome wewe." Sentensi ya mwisho niliirudia mara sita. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: naweza kuchukua jambo dogo nikalifikiria mpaka likanishinda. Kabla hata sijamlilia marehemu, nilikuwa nimeshajiona nikianguka mbele ya waombolezaji, karatasi mkononi. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na yeye angekuwa wa kwanza kunicheka.

Nilimfahamu mwaka 2013, nilipopangiwa kufundisha huku wilayani Kasulu, karibu na Heru Juu, nikitokea chuoni. Wiki ya tatu, nikiwa ubaoni, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka. Nilijua ninakufa. Huku mtu akitetemeka na kutokwa jasho hakuna anayeuliza mara mbili: ni malaria. Nikapimwa, haikuonekana, nikaomba dawa ya mseto hata hivyo, nikameza. Hali ikarudi, nikameza tena. Mwalimu mwenzangu akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba nimetupiwa kitu na mtu aliyekosa ajira niliyoipata mimi. Nikaanza kufundisha nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje, ili hofu ikija nitoke. Upande wa pili wa ubao sikuugusa muhula mzima, na barua ya kuomba uhamisho ilikuwa tayari mfukoni.

Nilipokwenda zahanati mara ya nne, muuguzi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka kipimo mezani akaniangalia.

"Mwalimu, malaria huna. Mwezi uliopita hukuwa nayo, na leo huna. Ila mseto wetu umeupenda kweli."

"Sista, mimi ninakufa."

"Unakufa saa ngapi?"

Nikaitazama saa yangu.

"Yewe!" akashangaa kwa lugha ya kwao. "Nakuuliza kweli! Inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi? Halafu si wewe ndiye Mwalimu Mlango? Binti yangu yuko kidato cha pili pale. Wanasema ukikohoa uko darasani, ukipiga chafya uko nje."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kisha nikalia pale pale mbele yake. Hakushtuka. Alikuwa amesomea uuguzi wa afya ya akili, kazi ambayo pale hakuna aliyekuja kuiulizia. Alinituma hospitali Kasulu nikapimwe moyo, "mara moja tu, siyo kila wiki," akasema. Moyo ukaonekana mzima. Ndipo akanieleza kwamba hofu ni kengele ya mwili, na yangu inalia wakati hakuna mwizi. Ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Wengine huhitaji dawa, wala si aibu. Kwangu tungeanza na daftari. Niandike saa hofu ilipoanza, nilichodhani kitatokea, na kilichotokea. Nisitoke darasani mpaka ipungue yenyewe. Na kila wiki nisogee hatua moja kutoka mlangoni.

"Ukikimbia ikiwa juu, unaifundisha kwamba mlango ndio dawa," alisema. Nilipomwonyesha ile barua, hakuisoma. "Peleka ukitaka. Lakini huko unakohamia, madarasa yao hayana milango?"

Barua sikuipeleka. Ilinichukua mwaka mzima kufika kwenye dirisha la upande wa pili, na njiani nilirudi nyuma mara nyingi. Daftari lilijaa. Kwenye safu ya kati niliandika "nitakufa", "nitazimia", "watanicheka". Safu ya mwisho, karibu kila siku: "nimemaliza kipindi." Hilo la kuchekwa tu ndilo lililotokea, mara mbili, na sikufa.

Nimelifikiria sana hili. Huku Buha watu husalimiana kwa kirefu. Utaulizwa nyumbani, watoto, maharage, hata mbuzi. Sisi watumishi tuliotoka mikoa mingine tumejifunza kujibu vizuri sana. Lakini kwenye ofisi ya walimu, ambako kila mtu anajua presha ya mwenzake, sikuwahi kumsikia yeyote akisema kwamba anaogopa kuingia darasani. Tunasema tumechoka. Tunaomba uhamisho. Wangapi wamehama wakikimbia kitu walichokifungasha pamoja na magodoro yao?

Jumamosi, Kumsenga, niliitwa. Moyo ukaanza mbio zake zile zile. Kwa mazoea nikatafuta mlango kwa macho, na uwanjani pale hapakuwa na mlango, watu tu, na binti yake amesimama kando ya jeneza akinitazama. Karatasi ilitetemeka mpaka mama mmoja wa mbele akainuka kunishikia upande mmoja. Nikasoma. Sauti ilikatika nilipofika kwenye mwaka wake wa kuzaliwa, nikasubiri hofu ishuke, nikaendelea mpaka mwisho.

Kabla hatujaondoka nilitoa daftari nikaandika: saa nane na robo, nitaanguka, nimeusoma wasifu wa sista wote. Kama nawe unaogopa hivi, nenda zahanati kaseme, na hofu ikija, usitoke mpaka ipungue.