Mke mwenza wangu anaishi kwenye kioo

Jamani, nina mke mwenza, na anaishi kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu.

Samaki wa baharini! Kasulu hii hii, bahari tunaiona kwenye TV.

Mume wangu, Mtanga, kakikataa kipimo cha chumvi ya maji yao, kile cha kuelea, eti mapovu yanakidanganya. Kaagiza Dar cha kuchungulia: unaweka tone la maji, unafumba jicho moja.

Leo nikampikia maharage bila chumvi. Makusudi.

Kala, kamaliza. "Ahsante mama Zawadi, matamu."

Kisha akachungulia kipimo chake. "Mama Zawadi! Chumvi imepungua kidogo, watateseka!"

"Na maharage je? Hayakuwa na chumvi hata chembe!"

Jicho bado liko kwenye kipimo: "Si ungenipa tone la mchuzi nikapima."

Wapendwa, nani ana ndimu? Kesho napika samaki.