Kitufe cha Shangazi

Sijawahi kuchukia programu kama nilivyoichukia ile ya barua pepe ofisini kwetu, Busia. Haina picha wala rangi, kipanya hakifui dafu. Ni maandishi meupe juu ya kioo cheusi, na kila amri ni herufi ya kubonyeza. Tajiri wetu, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, aliipenda kwa sababu haili data.

Uvivu ndio ulionifundisha makro. Unachukua msururu wa amri, unaufunga kwenye kitufe kimoja, ukikibonyeza kompyuta inazifanya zote. Nilikosea wiki nzima. Siku moja nilifuta barua za madereva wote, nikatukanwa mpaka na askari wa getini. Nilipofaulu nilijiona fundi wa mafundi. Nikikikumbuka kiburi kile, nataka kutapika.

Shangazi aliyenilea, mwalimu mstaafu kijijini Mulanda, aliniandikia barua pepe kila Jumatatu. Simu hakuitaka, alisema inameza maneno. Na barua isiyomjulia hali kwanza aliiona tusi. Aliponieleza kwamba kisukari kimempa kidonda mguuni, nilimtengenezea kitufe cha F5: "Shangazi mpendwa, habari za nyumbani? Mguu unaendeleaje?" Kila barua yake ilipoingia nilikibonyeza, kikamjibu na kuiweka kando bila mimi kuifungua. Mimi huyo, nikarudi kwenye malori yangu.

Pasaka nilikwenda kumwona. Nilibeba kilo mbili za sukari kama mgeni yeyote. Sukari, kwa mgonjwa wa kisukari! Nilimkuta mlangoni kwenye kiti, gauni lake refu la gomesi limelala bapa chini ya goti la kushoto.

"Karibu," alisema. "Umekuja kuuliza mguu?"

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara tatu."

Niliporudi kazini nilizitafuta barua zake hizo tatu. Ya tatu ilisema: "Daktari anataka mtu wa nyumbani awepo kabla hawajakata. Nimemwambia nina mwanangu Busia. Nitakungoja mpaka Ijumaa." Chini yake lilikaa jibu langu la siku ileile: Mguu unaendeleaje?

Nilijionea kinyaa, kinyaa hasa, kama mtu aliyekanyaga kinyesi pekupeku. Nikaifuta F5, nikaanza kumwandikia kwa vidole vyangu mwenyewe. Niliandika "Shangazi mpendwa", nikakaa pale mpaka ofisi ikafungwa. Sikujua nimuulize nini.