Stoo ya Chini

Bibi ninayemtunza hapa Saint Paul, Marekani, hakubali nimwoshee hata kikombe. Hukinyakua, akanimiminia chai mimi kwanza. "Ukoo wetu hautumikishi mtu mweusi," husema. Babu wa babu yake aliwaficha watumwa watoro kwenye stoo ya chini ya nyumba hii. Sasa mimi nalipwa kwa kazi gani? Jana mchana mtu wa posta alibisha hodi. Bibi akanivuta mkono hadi stoo, akanipa mkate na blanketi. "Usikohoe, mwanangu. Wasakaji wakishapita nitakufungulia." Akafunga mlango kwa nje. Ufunguo wa akiba ninao siku zote mfukoni. Niliushika tu pale gizani, kikohozi kikanijia, nikakimeza.