Mahindi ya Juu ya Gunia

Kiwanda chetu cha kusaga sembe, hapa Sumbawanga, kilinipeleka Mbeya kusomea kuboresha ubora wa kazi kwa takwimu. Nilirudi na kipima unyevu, kompyuta iliyojaa chati, na majivuno ambayo hata mke wangu aliyachoka. Ili nihitimu kuwa mtaalamu ilinibidi nifanye mradi kazini, nioneshe kwa namba tatizo nililoliondoa.

Tatizo nililochagua lilikuwa mtu. Mama mmoja wa makamo alipokea mahindi getini. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwapani, akatoa punje, akaiuma. Ikipasuka kwa mlio mkavu, gunia linapita. Ikibonyea, linarudi Laela kijijini lilikotoka. Wakulima walimnung'unikia kwa Kifipa, naye akawajibu kwa Kifipa hichohicho, na gunia likarudi vilevile.

Nilimfuata wiki nyingi. Kila gunia alilopima kwa meno, mimi nilichoma bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea nafaka gunini, nikatoa punje, nikazipima kwa mashine na kuandika pamoja na jina la mwenye mzigo. Chati ikasema mama anakataa mahindi makavu, tena mengi. Nilifurahi kweli.

Siku ya mwisho ya kupima aliniangalia, akasema, "Baba, mbona unachukua ya juu tu? Hawa wakiwa kwenye foleni wanafungua magunia, jua linakausha ya juu. Ya chini bado mabichi."

"Mama, hiki ni kipimo," nikamjibu.

Alipokwenda kula nilirudi kwenye magunia aliyoyakataa, nikachoma bambo hadi chini. Mabichi. La pili, mabichi. La tatu sikumaliza kulipima. Nilipaswa kuanza kazi yote upya, na wakufunzi wangu wa Mbeya walikuwa wanakuja wiki ileile. Majibu yale sikuyaandika popote. Huo ni uongo, na sina jina lingine la kuupamba.

Niliwasilisha, wakapiga makofi, nikapewa cheti. Meneja akamwondoa mama getini, akampa ufagio, na mashine yangu ikachukua nafasi yake. Muda si mrefu ghala likaanza kunuka ukungu. Meneja alisema ni mvua, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Jumapili moja nilikutana na yule mama mtaani Chanji akitoka kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Nilitamani anitukane, ningepata nafuu. Yeye akanishika mkono. "Nashukuru ulinifumbua macho. Kumbe miaka yote hii nimewaonea watoto wa watu. Wale ninaowajua nimeanza kuwafuata majumbani, nawaomba radhi. Wawili wamenisamehe."

Hapakuwa na mtu karibu. Ningeweza kusema palepale, maneno yenyewe hayakuzidi matatu.

Akaniuliza kama kwenye karatasi zangu yapo majina ya wale wengine, ili awamalizie.

Nikamwambia nitamtafutia.