Ng'ombe wa Pipa

Ng'ombe wangu wa kwanza nilimtengeneza kwa pipa la bluu la plastiki. Nililaza pipa juu ya miguu ya mti, nikakata tundu nyuma, nikafunga pete ya tairi kuwa nyonga na mpira wa ndani wa lori kuwa njia ya uzazi. Ndama alikuwa gunia lililoshindiliwa sponji ya godoro, na viungo vya miguu yake vilikuwa vipande vya kandambili. Ute wa uzazi ulikuwa uji mwepesi wa muhogo. Hapa Rubondo, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, muhogo hautuishii.

Sababu ya vituko vyote hivi ilikuwa chuo kimoja cha mifugo kule Mbarara. Kilitangaza nafasi moja ya masomo kwa mtu atakayebuni chombo cha kufundishia na kukionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Niliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukanikataa. Tatizo lilikuwa baba. Kwetu, wafugaji wa Kivu ya Kusini, mwanamke huosha vibuyu na kusukasuka maziwa, lakini ng'ombe hamkamui, sembuse kumtia mkono ndani.

Hoja yangu ilikuwa tayari: pipa si ng'ombe. Kosa langu ni kwamba nililiwekea mkia. Baba alipouona alilizunguka pipa polepole, akaguna, akalipapasa mgongo, kisha akaanza kulisifu kwa lugha ya nyumbani kama anavyowasifu ng'ombe wake. Mwisho akanigeukia.

"Iko muzuri. Lakini we usimutie mukono. Mukono ya mwanamuke haiingiake mu ngombe."

"Baba, ni pipa."

"Minaona mukia."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilinituma nikatafute kisu. Niliitoa ile pete nikakata nyingine yenye tundu jembamba, kama nyonga ya mtamba ambaye hajawahi kuzaa. Kwa bahati njema ilinitosha mkono wangu mimi, na hapakubaki nafasi ya zaidi.

Siku ya safari baba alisema ng'ombe hasafiri bila mchungaji. Akapanda nasi, mimi na pipa, kwenye pikapu ya matoke, akaushika mkia njia nzima mpaka Mbarara.

Ukumbini tulipokelewa na mwalimu, mzee wa Kinyankore.

"Nani natengeneza hii?"

Nikasema ni mimi.

"Sasa zalisha, sisi naona."

Baba akaweka fimbo mbele yangu, akamweleza mila. Mwalimu, mtoto wa wafugaji naye, aliitikia kwa heshima kubwa, na hilo likanikasirisha kuliko fimbo. Hata hivyo alisema sheria ni sheria: nisipoonyesha mwenyewe, nafasi itakwenda kwa mwingine.

"Basi uanze we mwenyewe, baba," nikasema kwa adabu zote.

Alinipa fimbo nimshikie, akakunja mkono wa shati. Kiganja chake, kilichopanuliwa na jembe, kikakwama mlangoni. Alisukuma, akageuza, akatoka jasho. Mimi nilitazama dari nisije nikacheka.

"Hii njia iko kidogo."

"Ni mutamba, baba. Ni ya kwanza yake."

Aliutazama mkono wangu. Mfugaji hawezi kusimama tu wakati ndama anafia tumboni, hata awe wa sponji. Akaichukua fimbo yake, akasogea kando.

Niliingiza mkono, nikageuza kichwa cha ndama, nikashika miguu ya mbele, nikavuta. Ndama akamwagika sakafuni na uji wake. Kabla sijainuka baba alikuwa ameshapiga magoti, anamtekenya pua kwa unyasi ili apumue. Watu walicheka, yeye hakuwasikia.

Mwalimu akaniambia nafasi ni yangu. Baba akamuuliza kama ng'ombe wa chuo ni wa kweli.

"Kweli kabisa, mzee."

Basi baba akatoa wembe kwenye mfuko wa koti, akanishika mkono wa kulia, akaanza kunikata kucha mbele ya watu wote. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

"Tulia," alisema. "Ile ya kweli inaumiaka."