Benchi la Mama Wakili

Karani wake alianza kazi akidhani Mama Wakili ni bahili. Ofisi ina viti vizuri, lakini ndugu waliogombana huwaketisha pamoja kwenye benchi fupi la mbao, ambalo miguu yake imeingia ndani mno, kiasi kwamba mmoja akiinuka ghafla mwenzake anapinduka. "Anayetaka kuinuka amwambie mwenzake," huwaonya, basi. Kisha huvua viatu chini ya meza, penseli nyuma ya sikio, akasikiliza. Hamkatizi mtu. Matusi yakizidi huanza kufuta miwani yake, taratibu, mpaka waone haya wenyewe. Karani akiuliza, "Mama, nimwite seremala?" hujibu, "Wa nini? Benchi linafanya kazi yake."

Asubuhi moja walikuja kaka na dada wanaogombea nyumba ya marehemu mama yao. Miaka minne hawajasalimiana. Kila mmoja aliongea na wakili tu, akimpa mwenzake mgongo, mpaka kaka alipopandwa na hasira, akakusanya karatasi zake aondoke. Akasita. Akalitazama benchi. "Dada," akasema, "jishikilie, nataka kuinuka." Dada akashika ukingo wa benchi, kisha akauachia, akamshika kaka yake mkono. "Hebu kaa kwanza." Mama Wakili akaishusha penseli kutoka sikioni. Karani akatoka akinyata, akamwambie seremala aliyemwita kwa siri, na ambaye sasa alikuwa mlangoni na nyundo yake, arudi zake nyumbani.